Sindano Iliyosimama Mahali Pazuri

Mke wangu hakunisalimia. Aliingia na sanduku lake, akakipita kiti nilichomtayarishia, akanipita na mimi niliyekuwa nimenyoa ndevu kwa heshima yake, akaenda moja kwa moja mpaka kona ya sebule lilipo tangi la kioo. Akainama. Akabaki ameinama vile vile, mkoba ungali begani, muda wa kutosha mtu kuchemsha yai.

"Kimefanywa nini?"

"Nini kimefanywa nini?"

"Usinijibu swali kwa swali, mzee. Kiganja kimefanywa nini?"

Kiganja ni jina tulilolipa tumbawe laini linaloishi humo pamoja na konokono wawili wa kulamba kioo. Si lile tumbawe gumu la kujengea nyumba. Hili ni la nyamanyama, rangi ya chai iliyozidiwa na maziwa, lina shina nene na vidole saba. Likiwa zima, kila kidole huota vinywele vidogo vinavyocheza na mkondo wa pampu mpaka ukadhani linakupungia mkono. Siku ile halikuwa likimpungia mtu. Vidole vimesinyaa, vimejikunja kwa ndani, ngozi imepata utando unaong'aa kama nta, kinywele hata kimoja hakuna. Kiganja kilikuwa kimekuwa ngumi.

Na si tumbawe la kununua. Dada mkubwa wa mke wangu alikuwa na tangi refu kama kitanda. Alipokwisha kuelewa kwamba haponi, alichukua mkasi, akakata kidole kimoja cha tumbawe lake, akakifunga kwa uzi juu ya kijiwe na kumpa mdogo wake ndani ya kopo la plastiki. Akamwambia, "Hiki hakitaki kuonewa huruma. Kinataka maji yasiyobadilikabadilika, basi." Baada ya mazishi wanawe walilikausha lile tangi refu wakaweka viatu ndani. Kwa hiyo kilichobaki cha yule dada, kilicho hai na kinachokua, kilikuwa hicho kilichokunja ngumi kwenye kona ya sebule yetu, ndani ya lita sitini za maji, chini ya uangalizi wangu.

Wala sisi hatukuwa wazoefu. Tangi letu lilikuwa na mwaka mmoja tu. Lakini mke wangu alifanya kazi maabara ya hospitali miaka thelathini, akipima damu za watu na mengine ambayo si ya kutaja mezani, na mimi miaka thelathini na moja nilisoma mita za maji. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya vipimo. Tofauti yetu ni kwamba yeye alipima.

"Uligusa kitu?" akauliza.

"Sikugusa kitu."

"Daftari liko wapi?"

Nikamletea daftari. Alikuwa ameniachia siku alipoondoka kwenda kumlea binti yetu aliyejifungua. Kila asubuhi: chumvi kiasi gani, joto kiasi gani, umeongeza maji au hukuongeza. Akasimama akilisoma kwa kidole. Wiki saba, mistari arobaini na tisa, mwandiko wangu mzuri ule wa kazini.

"Umeandika kila siku?"

"Kila siku aliyoijalia Mungu."

Akashusha mkoba. Bega lake nalo likashuka kidogo, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu aliniamini. Akachukua kipimo cha chumvi kwenye rafu. Ni kikopo bapa cha plastiki inayopitisha mwanga, ndani yake kuna sindano. Ukikichovya kwenye tangi, maji yakiwa na chumvi nyingi sindano inapanda, yakiwa na chumvi kidogo inashuka, na katikati kuna sehemu ya kijani iliyoandikwa kwamba hapo ndipo bahari. Akakichovya. Sindano ikasimama katikati ya kijani, imetulia kama askari wa gwaride.

"Chumvi sawa," akasema. Akatazama kipimajoto. "Joto sawa. Basi si maji. Ni kitu kimeingia."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema, na nitaeleza kwa nini, ingawa sababu yenyewe haina sura ya kutazamwa.

Wiki ya pili ya kuondoka kwake kipimo kiliniponyoka. Mikono ilikuwa na maji, sakafu ya jikoni ni vigae, nacho kilidunda mara moja tu, taratibu, kama kinachojuta. Kikopo hakikupasuka, ila sindano ilichomoka kwenye kijiti chake na kulala chini. Sasa, katika miaka yangu ya kazi nimefufua mita zilizozama matopeni mwezi mzima. Nimewahi kutoa chura kwenye mita moja, na chura huyo, ukitaka kujua, alikuwa ameongeza matumizi ya ile nyumba kuliko mke na watoto. Sindano ya plastiki ingenishinda? Nilileta gundi ile inayonasa vidole. Nikaipachika sindano penye kijiti chake, nikaishikilia palepale kwenye kijani nikihesabu mpaka sitini. Ikashika. Ikashika barabara.

Nilijua haitembei. Lakini mtu wa mita ana imani yake: sindano iliyosimama mahali pazuri haiulizwi. Na daftari nililijaza kama tulivyokuwa tukijaza kazini siku za mbwa wakali na mageti yaliyofungwa. Unakaa penye chai, unatazama mwezi uliopita, unakisia. Siri ya kukisia ni kutofautisha. Ukiandika namba ileile siku kumi mfululizo, mkaguzi anaamka. Kwa hiyo leo chumvi thelathini na tano, kesho thelathini na nne na nusu, keshokutwa thelathini na tano tena. Jumapili moja nilijaza siku tisa kwa mkupuo, nikabadilisha na kalamu njiani ili ipendeze.

Maji nayo. Mke wangu aliniachia madumu mawili. La bluu lilikuwa na maji matupu yaliyochujwa, la kujazia kila siku yanapopungua. Jeupe lilikuwa na maji ya chumvi, la siku ya kubadilisha maji. Alinieleza tofauti yake kwa dakika arobaini na nikamsikiliza dakika tatu. Nikajifikiria mwenyewe, mtu mzima: maji ya chumvi yakipungua, unaongeza maji ya chumvi. Nani aliyewahi kuongeza maji matupu kwenye kikombe cha chai akategemea kitabaki chai? Nikaona amekosea, nikamsamehe kimya kimya, nikawa najazia kikombe kimoja kila asubuhi kutoka dumu jeupe. Likiisha nakoroga jingine. Maji ya dumu la bluu nilipikia chai. Yalikuwa matamu sana.

Basi mimi nikasimama pale sebuleni na ndevu zangu zilizonyolewa, na mke wangu akainua pua.

"Vanishi," akasema.

Chini ya dirisha letu kuna seremala. Sisi tuko ghorofa ya kwanza, yeye yuko uani na vitanda vyake. Kabla sijafungua mdomo mke wangu alikuwa keshashuka ngazi, nami nyuma yake kwa viatu vya ndani.

"Wewe fundi! Umeniulia mgonjwa wangu!"

Seremala alisimama na brashi mkononi. "Mgonjwa yupi, mama? Mzee Mita? Mbona namwona huyo hapo nyuma yako, tena leo kanyoa?"

"Usinifanyie mzaha! Kuna kiumbe kule juu kinavuta hii sumu yako mchana kutwa!"

"Mama, mimi napaka vanishi hapa mwaka wa kumi na mbili. Hilo tangi lenu lilikuja juzi. Nani kamkuta nani?"

"Mtu akilala kwenye hivi vitanda vyako si ataamka kipofu!"

Hapo seremala akakasirika kweli. Mishipa ikamsimama shingoni. "Mimi nitukane utakavyo. Kitanda changu usikitukane! Kitanda cha mwisho kutoka hapa kimepata mapacha!"

"Lete hiyo brashi."

"Brashi yangu?"

"Lete!" Akamnyang'anya. Akalifunga na debe la vanishi kwa kofi, pa! "Mpaka kile kitu kifunguke, hapa hapapakwi kitu."

Seremala akanigeukia. "Mzee Mita, wewe ndiye uliyekuwepo. Dirisha lenu si mlilifunga muda wote? Mbona kila siku naona kioo kimefungwa na pazia juu? Sema basi."

Lilikuwa limefungwa. Mimi vanishi inaniumiza kichwa, sikulifungua hata siku moja kwa wiki saba. Nilitazama kitanda. Nikatazama ndala zangu.

"Mama kashasema," nikajibu.

Seremala alinitazama vile fundi anavyotazama ubao uliolika ndani, kisha akaketi juu ya debe lake na kukunja mikono.

Juu, mke wangu akaitupa ile brashi mezani, akampigia simu muuza samaki wa mapambo, yule ambaye mtaani wanamwita Daktari ingawa hajawahi kumtibu hata mbu. Akaweka sauti kubwa ili nisikie.

"Pole na safari, mama," Daktari akaanza. "Taa inawaka kwa saa ngapi?"

"Saa nane kwa siku, kama ulivyosema. Labda uliniuzia taa mbovu."

"Taa haina shida, mama. Mkondo wa pampu unakipiga usoni?"

"Unapita pembeni."

"Kuna mtu katia mkono wenye sabuni au mafuta?"

Mke wangu akanitazama. Nikatikisa kichwa. Hilo lilikuwa kweli, na nilifurahi sana kupata jambo moja la kweli.

"Hapana," akasema.

"Chumvi?"

"Imepimwa kila siku, imeandikwa, na nimepima mwenyewe sasa hivi. Iko sawa kabisa. Mimi sikuzaliwa jana, Daktari, nimekaa maabara miaka thelathini!"

"Usinikaripie, mama, nakusaidia. Haya matumbawe laini yana tabia ya kujifunga siku chache, yanavua ngozi, kisha yanafunguka yenyewe. Kimejifunga tangu lini?"

Mke wangu akanitazama tena.

Kilikuwa kimejifunga wiki tatu. Siku ya kwanza nilidhani kimelala.

"Tangu juzi," nikasema.

"Juzi," mke wangu akaiambia simu.

"Ah! Basi kinavua ngozi. Usikiguse, usibadilishe kitu. Kipe wiki mbili hivi hivi. Ila kipimo chako kioshe kwa maji ya bomba, mama, chumvi hukauka ndani sindano ikakwama."

Alipokata simu alivuta pumzi. Alikitazama Kiganja na kusema polepole, si kwangu, "Haya, tungoje basi." Nami nikafikiri: wiki mbili. Wiki mbili mambo mengi hutokea. Binti anaweza kumwita tena. Tumbawe linaweza kuamua lenyewe. Sikufikiri kwamba kitu kinachokauka huwezi kukiambia kingoje. Nilifikiria ngozi yangu mimi.

Akaenda jikoni na kipimo. Nikasikia bomba likifunguliwa. Likamwaga, likamwaga, likafungwa. Kisha likafunguliwa tena, likafungwa tena.

"Mzee. Njoo jikoni."

Alikuwa amekiinua kipimo usawa wa macho yangu, kimejaa, kinadondosha matone.

"Hiki nini?"

"Kipimo."

"Ndani mna maji gani?"

"Ya... si umeyatoa bombani?"

"Mna maji gani?"

"Ya bomba."

"Na sindano inasema nini?"

"Bahari," nikasema.

Akamwaga maji yote kwenye sinki. Akakiinua kitupu. Sindano kwenye kijani. Akakigeuza kichwa chini. Kwenye kijani. Akakitikisa kwa nguvu mpaka bangili zikapiga kelele, na ile sindano yangu, kazi ya mikono yangu, haikuyumba hata kiduchu. Katika maisha yangu yote sijawahi kugundisha kitu kikashika vizuri kiasi kile.

"Unajua," nikaanza, "wiki ya pili hivi kulipita kitetemeko kidogo, majirani hawakukisikia, lakini mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa na vyombo vyote vikaanza..."

"Hapana." Aliinua mkono. Sauti haikupanda, ilishuka. "Ukinisimulia hadithi sasa hivi, nachukua lile sanduku, sijalifungua bado. Nasema kweli. Niambie ulichofanya. Usitie tetemeko, usitie chura."

Nikamwambia. Kipimo kilivyoanguka, gundi, kuhesabu mpaka sitini, Jumapili ya siku tisa kwa mkupuo, dumu jeupe, wiki tatu badala ya juzi. Haikuchukua hata dakika mbili. Sikuwahi kujua kwamba jambo langu lolote linaweza kusimuliwa kwa dakika mbili.

"Na dumu la bluu?" akauliza. "Maji yake yalikwenda wapi?"

"Nilipikia chai."

Aliushika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Chumvi haipai, mzee. Maji yanapaa peke yake, yanakwenda hewani. Chumvi inabaki ndani ya tangi. Wewe kila asubuhi ukawa unaongeza nyingine juu yake. Kila asubuhi! Kikombe juu ya kikombe! Wiki saba umekuwa ukimkausha dada yangu kwa chumvi kama samaki wa safari ndefu!"

Alisema dada yangu. Hakujisahihisha, na mimi sikuwa mwendawazimu kiasi cha kumsahihisha.

Lakini mwendawazimu kidogo nilikuwa, kwa sababu badala ya kunyamaza nilipandisha. "Na wewe ulinisomea maelekezo dakika arobaini kama risala ya kiwanjani! Nani anaweza kushika yote hayo? Ungeandika!"

"Yameandikwa!" Akanivuta mpaka sebuleni, akainua kalenda ukutani, juu ya tangi. Karatasi ilikuwa pale, imebandikwa kwa gundi pembe zote nne. BLUU NI YA KUJAZIA. Herufi kubwa kama za duka. Kalenda hiyo niliitundika mimi.

"Nyumba ngapi?" akasema. "Nyumba ngapi za watu hukuwahi kufika, ukakaa penye chai ukawaandikia? Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi unanisimulia? Mbwa aliyekukimbiza mpaka ukaruka ukuta, na ukuta kila mwaka unazidi kurefuka? Na mimi nikawa nacheka. Nimekaa hapa nacheka! Miaka yote hii nimekulea kwa kicheko changu mwenyewe, mjinga mimi!"

Nilitaka kumwambia kwamba ukuta ulikuwepo kweli. Nikauacha.

Akaichukua ile brashi ya vanishi pale alipoitupa, akanisukumia kifuani. "Kwanza ya fundi. Nenda umpe, na umwambie kila kitu. Wewe, kwa mdomo wako. Kisha nami nitakwenda kumwomba radhi kwa upande wangu, kwa sababu umenifanya nimtukane mtu bure, na hilo nalo sitalisahau upesi."

Seremala alikuwa bado ameketi juu ya debe. Nikamweleza. Akachukua randa, akaanza kulainisha mbao ambayo tayari ilikuwa laini.

"Sikusikia vizuri, Mzee Mita. Hii randa ina kelele. Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo dirisha lilikuwa limefungwa."

"Lilifungwa."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Sawa." Akapuliza vumbi la mbao, likanijia usoni. "Nilidhani ni mimi nisiyependwa humo juu. Kumbe ni kila mtu."

Alipokwisha kushuka yeye mwenyewe na kumwomba radhi seremala, mke wangu alikwenda kwa Daktari na kurudi na kipimo kipya, cha kioo, kirefu kama filimbi, unachungulia ndani yake kwa jicho moja. Akachungulia. Akanipa na mimi nichungulie.

"Soma."

"Arobaini na mbili."

"Inatakiwa thelathini na tano."

Mimi nikanyanyua dumu la bluu, lililojazwa upya, nimelikumbatia kifuani ili nilimimine lote. Niliona nikiweza kufuta wiki saba kwa mkono mmoja, basi na hasira zitafutika nazo. Mke wangu alinipiga kofi mkononi, pa, kama anavyofanya kwa mjukuu akigusa jiko.

"Unataka kumuua mara ya pili? Amezoea chumvi hiyo polepole, na ataiacha polepole. Kikombe kimoja nje, kikombe kimoja cha maji matupu ndani. Asubuhi, mchana, jioni. Utafanya wewe. Nami nitakuwa nyuma yako nikitazama."

Na akatazama. Siku kumi na moja alisimama nyuma ya bega langu mara tatu kwa siku, na kwa siku zote hizo hatukuzungumza ila namba. "Soma." "Arobaini na moja na nusu." Anachukua kipimo, anachungulia, anakirudisha. "Andika." Hivyo tu. Kurasa zangu za zamani alizikata kwa kalamu nyekundu, mstari baada ya mstari, na juu ya kila ukurasa akaandika HAIKUPIMWA. Sanduku lilibaki nyuma ya mlango wa sebule. Kila asubuhi alilifungua, akatoa nguo ya siku hiyo, akalifunga tena na zipu yake. Nililichukia lile sanduku kuliko mbwa yeyote niliyewahi kukutana naye kazini, na wote wale niliokutana nao nilikutana nao kweli.

Usidhani nilikuwa mpole. Nilikuwa na hasira kama chungu kinachotokota. Nilimkasirikia yeye kwa kunisimamia kama mwizi wa kuku. Nilimkasirikia Daktari kwa kuuza vipimo vinavyoanguka. Usiku wa kuamkia siku ya tano niligeuka kitandani nikakuta nimejikasirikia mimi, na hiyo haikuwa na mahali pa kuipeleka.

Siku ya sita utando ulianza kubanduka. Vipande vyeupe vikaning'inia kwenye vidole kama ngozi ya mtu aliyeungua. Nikapiga kelele, "Kinaoza! Mama, kinaoza!" Akaja mbio, akachungulia, akanyoosha mkono kimya na kugeuza mdomo wa pampu kidogo ili mkondo upulize vile vipande viondoke. Hakunieleza kama ni heri au shari. Aliona sistahili kuelezwa, akarudi jikoni. Chini yake ngozi ilikuwa mpya, laini, lakini vidole vilibaki vimekunjwa.

Thelathini na nane. Thelathini na saba. Thelathini na sita na nusu.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili niliamka kabla yake. Taa ya tangi ilikuwa imewaka muda mfupi. Nikatoa kikombe changu, nikaingiza kikombe changu, na nilipoinama kuangalia usawa wa maji niliona kidole kimoja, kile cha upande wa ukuta, kimenyooka. Na kwenye ncha yake kulikuwa na kitu. Niliondoa miwani, nikaifuta, nikaivaa. Vinywele. Vidogo, vifupi, kama ndevu za kijana anayejidanganya, lakini vilikuwa vinayumba.

"Mama!" nikaita. "Njoo! Kimefunguka!"

Sauti yake ikatoka chumbani: "Kimefunguka vipi?"

"Kidole kimoja. Kina vinywele."

"Na mimi nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini. Njoo uone."

Akaja na khanga yake mabegani, kioo cha kukuzia mkononi. Hakuinama. Akanipa kile kioo, na daftari, na kalamu.

"Vingapi? Hesabu."

Nikapiga magoti. Goti la kushoto likalia. Nikahesabu. Nikahesabu tena, kwa sababu vilikuwa vinacheza. Kumi na kimoja. Mkono uliniwasha, nakwambia, uliniwasha niandike thelathini. Thelathini ingependeza. Thelathini ni namba ya kumfanya mwanamke aketi kwenye kiti alichotayarishiwa siku kumi na mbili zilizopita. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

Nikaandika: *Kidole kimoja. Vinywele kumi na kimoja. Chumvi thelathini na sita.*

Mke wangu alichukua kioo, akapiga magoti pale nilipokuwa. Akahesabu bila sauti, midomo ikichezacheza. Alikaa sana pale. Sikuiona sura yake, niliona kisogo tu, na mkono mmoja uliokuwa umeshika kona ya tangi kama mtu anavyoshika kona ya kitanda cha mgonjwa. Alipoinuka hakunitazama.

"Bado nina hasira," akasema.

"Najua."

"Usiseme najua. Mchana kikombe ni saa sita, si saa saba kama jana."

Akaenda zake. Nikabaki na daftari mkononi. Chini uani seremala alikuwa ameanza kupiga misumari, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kama afanyavyo tangu siku ile kila akijua nipo nyumbani. Mchana, ilipofika saa sita kamili, nilifungua daftari ili nisome namba mpya. Kalamu nyekundu ilikuwa imelala juu ya ukurasa, kifuniko kimefunguliwa. Nikautafuta mstari wangu wa asubuhi huku nimeuma meno.

Kumi na kimoja yangu haikukatwa.